Basenji, Saluki ama Ridgeback: shemeji wa Mamboleo achukue gani?

Shem alinitumia voisi ya dakika tatu Jumapili usiku, anaongea huku anakula, nasikia mpaka kijiko. Amehamia Mamboleo, huko Kisumu, ploti ni robo eka, kuku wako kama thelathini, fensi ni ya waya na upande mmoja ni kei apple, na sasa anataka mbwa. Lakini si mbwa hivi hivi tu. Ameona video za mbwa wa kale wa kuwinda, wale wanasemekana walikuwa wa mafarao, na anasema hataki German Shepherd juu kila geti hapo kwao lina German Shepherd na nusu yao wanatembea kiuno kimelegea. Majina aliyonipa ni matatu, Basenji, Saluki na Ridgeback. "Wewe si uko na huyo wako mdogo, niambie ukweli shem, nichukue gani."

Huyo mdogo ni Basenji, anaitwa Kengele, niko naye hapa Kiamunyi mwaka wa tano. Nilimpata kwa mama mmoja wa mashamba ya maua Naivasha aliyekuwa anahama nchi. Nina agroveti ndogo hapa Nakuru so mbwa wa kila sampuli naletewa stori zao dukani. Saluki mimi sijafuga, lakini binamu yangu alikaa Abu Dhabi miaka minne kwa boss aliyekuwa na Saluki saba na kazi yake ya asubuhi ilikuwa kuwatoa mbio, hizo hadithi nimezisikia mpaka nimezikariri. Ridgeback wako wawili kwenye shamba moja huko Njoro ambako napeleka lishe ya ng'ombe, na mmoja wao nusura anivue suruali. Kwa hivyo siongei vya kusoma peke yake.

Kitu cha kwanza nilichomwambia, ukisema "mbwa wa kuwinda" ni kama kusema "fundi". Fundi wa nini sasa, wa mabomba ama wa viatu? Basenji kazi yake ilikuwa msituni Kongo, anaingia kwenye kichaka kizito anamtimua mnyama kuelekea kwenye nyavu ambazo watu wamezitega. Saluki ni wa jangwani, anatumia macho, akiona swala mbali huko anafyatuka na kumkimbiza mpaka amfikie. Ridgeback yeye alikuwa wa kumzuia simba, hamuui, wacha hizo hadithi, anamzungukazunguka akimbwekea na kuruka pembeni ili simba asisonge mpaka mwenye bunduki afike. Hizo ni kazi tatu tofauti kabisa, na vituko vyote utakavyoviona nyumbani vinatoka kwa hizo kazi. Na kabla hujauliza, hakuna hata moja utafanya hapa. Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku 1977 na sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mchezo, kwa hivyo usinipigie siku moja uko kituo cha polisi na paa mkononi. Mbwa wako atawinda panya, fuko, na hao kuku thelathini.

Sasa Basenji, ndiye namjua.

Jina lenyewe linanichekesha mpaka leo. Ni la Kilingala, mbwa na basenji, yaani mbwa wa watu wa vijijini, wa huko porini, na kwa sikio la Mswahili huhitaji mkalimani, hilo neno ni ndugu wa damu wa washenzi. Kwa hivyo kuna mtu London analipa hela za kununua ng'ombe wa maziwa apate kitu ambacho jina lake ni mbwa wa washamba. Mama alipokuja kunitembelea kutoka Kakamega nikamwambia huyu anaitwa Basenji, akaniangalia, akamwangalia mbwa, akauliza, "Amefanya ushenzi gani?" Nilichoka kueleza.

Wazungu walimpeleka Uingereza mara ya kwanza 1895 wakamwonyesha kwenye maonyesho ya Crufts, hao wa kwanza wakafa na distempa, ule ugonjwa wa virusi wa mbwa, hata kabla hawajazaa vizuri. Ilibidi wasubiri mpaka miaka ya 1930 ndio wakafaulu kuwazalisha, na 1937 wakaonyeshwa tena Crufts. Halafu 1959 mama mmoja Mwingereza, Veronica Tudor-Williams, akaenda mwenyewe mpaka Sudan ya kusini kutafuta damu mpya, akarudi na jike mmoja mwekundu anaitwa Fula, na huyo Fula utamkuta kwenye ukoo wa Basenji wengi sana wa leo. Nakutajia hiyo distempa makusudi shem, juu bado inaua watoto wa mbwa kila msimu hapa kwetu na watu wanakuja dukani kwangu wakishachelewa, mbwa tayari anatetemeka taya, wanataka dawa ya minyoo.

Kubweka. Watu wanasema Basenji ni bubu, si kweli. Koo lake limeumbwa tofauti kidogo, kwa hivyo ile kubweka ya hau-hau-hau ya usiku kucha hana, lakini ana sauti zake. Kengele akinisikia nafungua sufuria asubuhi anatoa kitu kama mtu anayepiga miayo huku anaimba kwaya, kinapanda kinashuka, jirani mgeni aliwahi kuja kuuliza kama kuna mtoto ameumia. Ananguruma pia, analia, na mara moja moja anatoa "wuf" moja kavu halafu anaonekana kama amejishtua mwenyewe. Wawindaji wa Kongo walikuwa wanamfunga kengele ya mbao ama ya kibuyu shingoni ili wajue yuko wapi kwenye kichaka, maana kimya kimya hivyo angewapotea. Ndio nikampa hilo jina.

Na sasa nikwambie vile hilo jina lilinicheka. Mwaka wa kwanza mwizi aliingia saa tisa usiku, akafungua mtungi wa gesi nje jikoni, akabeba na sufuria kubwa ya ugali, akatoka. Kengele alikuwa kwa veranda. Mvua ilikuwa imenyesha jioni kwa hivyo udongo ulikuwa laini, asubuhi nikakuta nyayo za gambuti na pembeni yake nyayo ndogo za mbwa, sambamba, kutoka jikoni mpaka kwa geti. Alimsindikiza. Alimtoa mgeni vizuri kabisa kama mtu aliyelelewa. Kama unatafuta mlinzi shem, ishia hapa usisome mbele.

Lakini akifanya kazi yake sasa, lo. Kuna panya wa shimo hapa nyuma ya banda la kuku, wale wakubwa. Kengele anasimama nyasi zikimfika kifuani, masikio yamesimama wima, paji la uso linajikunja mikunjo kama mzee anayesoma barua ya benki, kichwa kinalala upande huu halafu upande ule, dakika tano nzima hasogei. Halafu anaruka miguu yote minne juu kwa wakati mmoja na kutua na pua chini. Hakosi sana. Ni mdogo, dume ni sentimita 43 hivi begani na kilo 11, jike chini kidogo ya hapo, mkia umejikunja kama andazi juu ya kiuno, na ukimwona anakimbia utasema ni swala mtoto. Anajilamba kama paka, hana ile harufu ya mbwa, na maji hataki kabisa. Nakuru mvua za Aprili zikianza anasimama mlangoni anaangalia nje na kukataa, anaweza kushikilia haja yake masaa na masaa kuliko kulowa. Baridi ya Kiamunyi asubuhi inamtesa pia, manyoya ni mafupi, so ana sweta. Ndio, sweta, mama watoto alimfumia, cheka umalize.

Ubaya wake ni kichwa ngumu na miguu myepesi. Ukimwita anakusikia, anafikiria, anaamua. Fensi ya waya kwake ni ngazi, anapanda vidole kwa vidole kama paka, nimemwona kwa macho yangu. Kuku wa jirani nimelipa wanne. Akikaa peke yake siku nzima anatafuna viatu, kona ya kochi, rimoti. Jike kwa kawaida huingia joto mara moja tu kwa mwaka badala ya mara mbili kama mbwa wengine wengi, kwa hivyo ukitaka kupata watoto wake ni kungoja kama foleni ya pasipoti. Na kuna ugonjwa wa figo wa kurithi unaitwa Fanconi, figo zinaachilia sukari na madini vitoke na mkojo, mbwa anakunywa maji kama ng'ombe na anakonda. Unaanza akiwa mtu mzima, sasa unaweza kukaa naye miaka ukidhani uko salama. Kipimo cha jeni yenyewe kipo tangu 2011, kwa hivyo muuzaji wa maana anatakiwa akuonyeshe majibu ya wazazi. Mimi kila mwezi nachukua ile karatasi ya kupima sukari kwenye mkojo, za kemisti, naenda nikimvizia asubuhi mgombani. Majirani wameshazoea.

Hiyo habari ya mafarao sasa. Kuna jiwe la kaburi la mfalme Intef wa pili wa Misri, miaka kama 2100 kabla ya Kristo, limechongwa mfalme na mbwa wake na majina yao yameandikwa, na kwenye michoro mingi ya Misri kuna mbwa mwembamba mwenye masikio wima na mkia wa kujikunja. Watu wakiona hivyo wanaruka moja kwa moja, huyo ni Basenji! Polepole. Mchoro si cheti cha kuzaliwa. Mkia wa kujikunja uko kwa mbwa wa nchi nyingi. Kuna hata yule anaitwa Pharaoh Hound, jina kubwa hivyo, ni mbwa wa sungura kutoka Malta na walipompima DNA wakakuta ukale wake ni wa jina tu. Basenji kwa upande wake alipimwa akaonekana kweli tawi lake lilitengana na mbwa wengine mapema sana. Hiyo maana yake ni kwamba alikaa huko msituni bila kuchanganywa, na si lazima awe alilala miguuni pa farao yeyote.

Halafu kuna utafiti mmoja wa 2009 ambao naupenda sana. Walichukua damu ya mbwa 318 wa vijijini, Misri, Uganda na Namibia, wakalinganisha na hao mbwa wenye majina. Basenji akaangukia kundi moja na mbwa wa vijijini wa Afrika. Ridgeback na Pharaoh Hound wakaonekana sehemu kubwa ya damu yao imetoka nje ya Afrika. Weka hiyo akilini, nitarudi.

Saluki nitapita haraka maana kwa robo eka yako ni mzaha. Ni mbwa mzuri kuliko wote, hilo silibishi, mrefu, dume sentimita 58 mpaka 71, mwembamba mpaka mbavu zinaonekana na ndivyo anavyotakiwa kuwa, masikio yana nywele ndefu kama msichana ametoka saluni. Mabedui wamefuga hawa kwa karne nyingi sana, na kitu kilichomshangaza binamu yangu, yeye ni Mwislamu wa Mumias amekua akijua mbwa haingii ndani, ni kwamba kule Saluki anaingia mpaka hemani. Kwao huyo hahesabiwi kama mbwa wa kawaida, wanamwita muungwana, na zamani hakuwa wa kuuzwa, unapewa zawadi ukiheshimiwa. Binamu alipowauliza wakamkumbusha Surat Al-Maida aya ya 4, pale mnyama aliyefunzwa kuwinda anapokushikia riziki. Wanawinda naye pamoja na kipanga, kipanga anaona juu, Saluki anamaliza chini.

Mbio zake usiseme, kuna mmoja alipimwa 1996 akapiga kilomita 68.8 kwa saa, na si mbio fupi tu kama Greyhound, huyu ana pumzi. Sasa fikiria hiyo kitu imeona mbuzi ng'ambo ya barabara ya Kakamega saa kumi na moja jioni, na matatu zenyewe unazijua. Binamu anasema ukishamwachilia na akaona kinachokimbia, wewe umeshatoka kwenye akili yake, unaweza kupiga filimbi mpaka meno yatoke. Nyumbani analala siku nzima kama mgonjwa, mpole, hapendi kelele, hapendi kufokewa, akifokewa anakununia siku mbili. Analinda nini? Hakuna. Na daktari akitaka kumfanyia upasuaji lazima ajue anashika mbwa wa aina gani, mwili hauna mafuta na kuna dawa za usingizi zinakaa kwa mbwa wa hivyo muda mrefu kuliko kawaida. Daktari wa kuzoea ng'ombe na German Shepherd anaweza kumlaza na asiamke. Kumleta hapa pia ni safari, wapo wachache mno. Kama una shamba la eka ishirini Kitale lenye fensi ya futi sita, na hela, na huna mbuzi, chukua.

Ridgeback ndiye nadhani shem alikuwa anamtaka bila kujijua. Ukimwona unajua ni mbwa. Dume anafika sentimita 69 na kilo thelathini na sita hivi, rangi ya ngano, na katikati ya mgongo kuna mstari wa manyoya yanayoelekea mbele wakati mengine yote yanaelekea nyuma, umeanzia nyuma ya mabega na vizunguko viwili vya manyoya kama taji halafu unaenda ukipungua mpaka kiunoni. Huo mstari ulitoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi huko kusini mwa Afrika. Wazungu walowezi wakachanganya na mbwa wao wakubwa, mwindaji anaitwa Cornelius van Rooyen akapata majike mawili yenye huo mstari kupitia kwa mmishonari Charles Helm wa Hope Fountain karibu na Bulawayo, akawa anaenda nao kwa simba, na 1922 wafugaji wakakutana hapo Bulawayo wakaandika mbwa huyu anatakiwa akae vipi. Kwa hivyo kama aina yenye jina na karatasi, hata miaka 110 hajafika. Wa kale ni ule mstari wa mgongoni. Yeye mwenyewe ni kama gari la Japani lenye injini ya zamani, ni gari zuri, lakini usiniuzie kama la 1950.

Yule wa Njoro. Nilifika na pikapu kama kawaida, soja hakuwa kwa geti, nikajifungulia mwenyewe kama mjinga. Hakubweka. Alikuja kwa kutembea, polepole, kichwa chini kidogo, akasimama kati yangu na pikapu. Nikienda kushoto anaenda kushoto. Nikasimama naye akasimama. Nilipojaribu kunyanyua mguu kupanda kwenye magunia akashika pindo la suruali, hakuuma nyama, akashika tu kitambaa na kuning'inia hapo akiniangalia machoni mpaka mwenye shamba akatoka akacheka. Ndio hiyo kazi ya simba. Na jioni hiyo hiyo nikamwona amelala kwenye majani, mjukuu wa miaka mitatu amemkalia mgongoni anahesabu hayo manyoya.

Sasa gharama yake. Anakula. Huyo hashibi na mabaki ya jana. Anahitaji mtu mwenye msimamo kutoka akiwa mtoto, maana akishafika kilo thelathini bila adabu huwezi kumshika kamba, atakuvuta mpaka Kondele. Na kabla hujalipia mtoto wa Ridgeback mwekee vidole shingoni na mgongoni, nyanyua ngozi polepole uipitishe katikati ya vidole, ukisikia kitu kama uzi ama waya mwembamba umeshikilia ngozi kwa ndani, achana naye. Ni kijibomba kinachotoka kwenye ngozi kuelekea uti wa mgongo, kinaingia uchafu, kinatunga usaha, na kinaendana na hiyo hiyo jeni ya mstari wa mgongo ambayo wanasayansi waliipata 2007. Mtoto ambaye hana mstari kabisa muuzaji atakupa kwa bei ya kutupa akiona aibu, na kwa kazi ya kulinda geti huyo ni dili, mwizi hahesabu vizunguko.

Nilipofika hapo shem akaniandikia, "Sasa mbona umenikatia wote?" Sijakata wote. Nilimuuliza maswali matatu. Unataka nani alale vizuri, wewe ama majirani? Kama ni majirani, Basenji, na ununue gesi nyingine. Kuku wanakaa bandani ama wanazurura? Akasema wanazurura. Basi Basenji na Saluki wote nje, Ridgeback atafundishika akianza mdogo na kuku wakiwa hapo hapo. Mwezi unaweza kutenga ngapi kwa chakula? Akanyamaza. Nikajua.

Juu ya joto la Kisumu, Basenji hana shida, Kongo ni jasho tupu na yeye ni mdogo. Saluki naye joto ni kwao ingawa ni joto kavu, hilo la ziwa lina unyevu. Ridgeback atavumilia akiwa na kivuli na maji, wengi huku kwetu wako sawa tu. Kitu kitakachowaua si joto, ni kupe. Mbwa wa kigeni akija na damu ambayo haijawahi kukutana na kupe wa hapa, wiki ya tatu anaacha kula, ufizi unakuwa mweupe kama karatasi, mkojo unakuwa rangi ya chai, na huyo usipomkimbiza kwa daktari siku hiyo hiyo umemzika. Wa kienyeji wanaopona utotoni wanabaki na kinga fulani. Hiyo naiona dukani kila msimu wa mvua.

Ndio sasa narudi kwa ule utafiti. Nenda Ahero siku ya soko ukae karibu na wanaouza samaki, angalia mbwa waliolala chini ya meza wakingoja mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishatolewa. Mwekundu ama wa manjano, soksi nyeupe miguuni, kifua chembamba, masikio nusu wima, mkia umepinda juu. Uganda si mbali, ni hapo Busia tu, na mbwa wa vijiji vya huko ndio waliokutwa kundi moja na Basenji. Wazee wetu upande huu, Wajaluo, Waluhya, Wakalenjin, wote walikuwa wanatoka na hao mbwa asubuhi kuwinda wakati bado inaruhusiwa, babu yangu alikuwa na mmoja Kakamega ambaye hakuwa na jina lingine zaidi ya imbwa, na alikuwa anajua kunyamaza na kujua kubweka, kila moja kwa wakati wake. Anakula ugali na omena na anang'aa. Hapandi bei. Ana kinga ya hapa. Anabweka mtu akipita barabarani, anabweka paka, anabweka mwezi, hiyo ni shida yake moja kubwa. Nyingine ni kuzurura, hiyo utamaliza kwa kumhasi na kufunga geti.

Chanjo tu usiniletee uvivu. Kisumu na Siaya ziliwekwa kati ya kaunti za kwanza kwenye ule mpango wa nchi wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030, timu zinapita na chanjo, mpeleke na mrudie kila mwaka, hata kama ni wa kienyeji, haswa kama ni wa kienyeji maana ndio watoto wanashinda wakicheza nao.

Kwa hivyo nilimwambia hivi, kama roho imeng'ang'ania mbwa wa karatasi na unaweza kumlisha, chukua Ridgeback jike, akiwa na wiki nane mpaka kumi, uone mama yake kwanza, umpapase shingo kama nilivyosema. Kama ni wewe na mama watoto peke yenu kwenye nyumba ya ukuta mrefu, hamna kuku, mnapenda kitu chenye akili za paka, Basenji, na nitakutafutia mimi mwenyewe nikisikia kuna watoto wamezaliwa Nairobi, ulizia East Africa Kennel Club pia usinunue kwa mtu wa picha tu kwenye simu. Mteja wangu mmoja alituma dipositi kwa mtu wa hivyo, akaletewa na boda mtoto wa kienyeji amefungwa mkia na selotepu ukae umejikunja. Selotepu ilitoka siku ya pili. Mbwa yuko mpaka leo, mzuri sana, analinda duka la vyuma.

Shem hakujibu wiki nzima. Halafu Jumamosi akanitumia picha, hakuna maneno, katoto kekundu kamelala ndani ya karai, soksi nyeupe tatu, mguu wa nne hauna, mkia umejikunja nusu kama andazi lililokosa hamira. Nikampigia. Akasema amemtoa kwa mama anayeuza samaki Ahero, amelipa kuku mmoja.

Nikamuuliza umemwita nani.

"Basenji."

Nyuma nikasikia mama watoto anacheka, halafu yule mdogo akaanza, hau hau hau, bila kupumzika, mpaka salio likaisha.